Tuambieni fataki zitalia saa ngapi: barua ya wazi kwa madiwani wa Leicester

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Jiji la Leicester,
Nakala kwa Waziri wa Biashara, London.

Waheshimiwa,

Mwaka huu wa 2026 kalenda imetubana. Halloween ni Jumamosi tarehe 31 Oktoba. Usiku wa Guy Fawkes, ambapo Waingereza hukumbuka kwa moto na fataki njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti, ni Alhamisi tarehe 5 Novemba. Diwali ni Jumapili tarehe 8. Sherehe tatu ndani ya siku tisa, na zote zinakuja baada ya saa kurudishwa nyuma tarehe 25 Oktoba, wakati jua la huku linapozama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayetoka kazini jioni hana tena mwanga wa kumtembezea mbwa wake. Anamtoa gizani, na fataki nazo hungoja giza.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, na tafsiri ya Kiingereza nimeiwasilisha ofisini kwenu. Belgrave Road, mnakotundika taa za Diwali kila mwaka, ilifufuliwa na watu waliotoka Jinja, Kampala, Kisumu, Nairobi na Dar es Salaam. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke mwaka 1972, baraza la wakati huo lilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus likawaambia wasije Leicester. Wakaja. Leo Diwali yao ni mojawapo ya kubwa zaidi nje ya India na nyinyi mnaitangaza kwa fahari. Wazee hao wengi bado Kiswahili kinawatoka bila kufikiri, na nataka wao wawe wa kwanza kuisoma barua hii, wasije wakasimuliwa na mtu mwingine kwamba kuna Mswahili anayetaka kuwazimia sherehe.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Wengi wao wanaishi peke yao na mbwa, na kwa baadhi yao huyo mbwa ndiye mwenzi pekee wa kuanzia asubuhi hadi usiku. Ikifika katikati ya Oktoba kazi hii inabadilika sura. Naingia kwa bibi mmoja saa mbili usiku kumpa dawa zake, namkuta ameketi sakafuni kando ya kastoo chini ya ngazi, mkono mmoja ameuingiza ndani. Mbwa wake mzee, wa aina ya Collie, amejibanza humo anatetemeka na kuhema, udenda umemlowesha kifua. Bakuli la chakula halijaguswa. Bibi huyu ana miaka zaidi ya 80 na hatakiwi kukaa chini, kwani akishakaa hawezi kuinuka bila mtu. Hilo limeandikwa wazi kwenye mpango wake wa matunzo. Lakini nani atamwambia asimshike mbwa wake?

Kwa hiyo msilichukue suala hili kama la wapenda mbwa peke yao. Nusu ya usumbufu wake unatua kwa watu.

Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti zinazofikia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika kiasi cha 45,000. Ule mluzi wa roketi kabla haijapasuka, ambao mimi na nyinyi tunasikia mwisho wake tu, yeye anaupata mzima. Hata hivyo masikio ni sehemu ndogo ya tatizo. Mbwa hajui kwamba kuna sherehe. Haoni kinachopasuka, hajui kitakoma lini, na hana upande wa kukimbilia kwa sababu kinatoka kila upande. Anaweza kuvumilia miaka kadhaa, halafu mpasuko mmoja wa karibu ukamgeuza kabisa, akaanza kuogopa radi, kisha mlango unaobamizwa, kisha hata mvua kwa kuwa mvua huja na radi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walichapisha mwaka 2013 matokeo ambayo ningependa yabandikwe kwenye dawati la anayepokea malalamiko yenu. Walipowauliza wenye mbwa kama mbwa wao anaogopa kelele, takriban robo walisema ndiyo. Walipowauliza kuhusu dalili moja moja, kutetemeka, kujificha, kubweka, kumng'ang'ania mtu, ikaonekana karibu nusu ya mbwa walikuwa na angalau dalili moja. Maana yake wengi wanaishi na mbwa mwenye hofu na hawajui kuwa ile ni hofu. Wanadhani ana ukorofi. Kwa hiyo idadi ya simu mnazopokea haiwezi kuwa kipimo cha shida iliyopo.

Kila mwaka ofisi za serikali na mashirika ya wanyama hutupa ushauri, na ushauri wenyewe ni mzuri. Mtembeze mbwa mchana. Funga madirisha, teremsha mapazia, washa redio au televisheni kwa sauti ya kawaida. Mtengenezee pango chini ya meza au nyuma ya kochi, liwe na nguo yenye harufu yako, na umwachie aingie na kutoka apendavyo, usimfungie humo. Usimwache peke yake. Usimtoe nje bila kamba hata kama uani pana ua mrefu, kwa maana mbwa mwenye hofu huruka kuta ambazo siku nyingine hazitazami. Hakikisha chipu yake, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, ina namba yako ya simu ya sasa. Tangu Aprili 2016 chipu ni lazima kwa kila mbwa Uingereza, lakini chipu yenye namba ya simu uliyoiacha miaka mitano iliyopita haimrudishi mbwa kwake.

Hapa naomba nipinge jambo moja ambalo bado nalisikia milangoni, hata kwa watu waliofuga mbwa maisha yao yote: kwamba ukimbembeleza mbwa anapoogopa unamfundisha kuogopa zaidi. Si kweli. Hofu si ujanja wa kutafuta zawadi. Anayetaka kuegemea mguu wako mwache aegemee. Na kuna zaidi ya hapo: ukimpa kipande cha nyama au jibini mara tu baada ya kila mpasuko, kila mpasuko, bila kumdai aketi wala atoe mkono, wengi huanza kuuona mpasuko kama dalili ya kitu kizuri kinachokuja. Wenye watoto wa mbwa wana bahati zaidi. Shirika la Dogs Trust linatoa bure sauti zilizorekodiwa za fataki. Unazipiga kwa sauti ya chini sana mbwa akiwa anakula au anacheza, na unaongeza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Kazi hiyo huanza wakati wa kiangazi. Anayeianza Oktoba amechelewa.

Halloween ina mambo yake, na nitayapita haraka kwa kuwa hayahitaji sheria, yanahitaji macho tu. Kengele ya mlango inalia kila dakika chache, mlango unafunguka, nje wamesimama viumbe wenye vinyago, watoto wanaoomba peremende. Mbwa hupenya katikati ya miguu yao akatoweka. Funga geti la ngazi au mlango wa ndani kabla watoto hawajaanza kuja. Peremende ziwekwe juu: chokoleti ina theobromini ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo sumu inavyozidi. Zabibu kavu zinaweza kuua figo zake, na hizo zimo pia kwenye vitamu vingi vya Diwali. Mavazi ya popo na ya mchawi wavalisheni watoto.

Sasa nifike kwenye dawa, maana hapa ndipo ushauri wote unapogongana na sheria zenu. Zamani daktari wa wanyama alikupa acepromazine, dawa ya kutuliza. Mbwa alilala chali, watu wakaridhika. Siku hizi madaktari wengi hawaitaki kwa kazi hii ikiwa peke yake, kwa sababu inaulegeza mwili bila kuiondoa hofu. Mbwa anasikia kila kitu ila hawezi kukimbia. Sasa kuna dawa zilizoidhinishwa mahsusi kwa hofu ya kelele. Moja ni jeli ya dexmedetomidine, inayowekwa kati ya shavu na fizi. Inachukua kama nusu saa hadi saa moja kufanya kazi, na nguvu yake hudumu saa mbili hadi tatu. Nyingine ni imepitoin, ambayo huanza kutolewa siku mbili kabla ya kelele inayotarajiwa.

Waheshimiwa, someni tena maneno hayo. Nusu saa kabla. Siku mbili kabla. Kelele inayotarajiwa. Kumtembeza mchana, kubaki nyumbani, kuandaa nyama iliyokatwa vipande, kutoa dawa: hakuna hata kimoja kinachowezekana kama sijui saa. Nikijua kwamba Jumapili fataki zitapigwa kuanzia saa moja hadi saa mbili usiku, nitampitisha yule Collie katika saa hiyo. Siwezi kumpitisha katika wiki nne.

Na wiki nne ndizo sheria inazotoa. Kanuni za fataki za mwaka 2004 zinaruhusu maduka ya kawaida kuuza kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 10 Novemba, kisha tena kabla ya mwaka mpya, na siku chache kabla ya Diwali na kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Zinakataza kupiga fataki kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, isipokuwa tarehe 5 Novemba, mwisho unaposogea hadi saa sita usiku, na usiku wa Diwali, wa mkesha wa mwaka mpya na wa mwaka mpya wa Kichina, unaposogea hadi saa saba. Watu husoma kanuni hizo wakadhani fataki zinaruhusiwa siku hizo tu. Sivyo. Jirani yangu akipiga fataki uani kwake Jumanne yoyote ya Oktoba saa nne usiku, hajavunja kanuni ya saa. Kosa linakuja akirusha barabarani, au akiwa na umri chini ya miaka 18 na amebeba fataki hadharani. Adhabu zipo, za papo hapo pauni 90, na mahakamani faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miezi sita. Lakini ukipiga simu polisi unaambiwa kelele ni za halmashauri. Ukipiga halmashauri unaambiwa anayerusha ni wa polisi. Mpaka simu ya pili ijibiwe, aliyerusha amekwenda kulala.

Halafu kuna ukubwa wa sauti yenyewe. Kikomo cha fataki zinazouzwa kwa umma ni desibeli 120, zikipimwa mita 15 kutoka zinapowashiwa. Shirika la kutetea wanyama la RSPCA linataka kishuke hadi 90, na muswada wa mbunge wa Luton North, Sarah Owen, ulitaka hivyo hivyo. Kutoka 120 hadi 90 kunaonekana kama kupunguza robo, lakini desibeli hazihesabiwi hivyo: kila kumi unazoshuka, nguvu ya sauti inagawanywa kwa kumi. Desibeli 30 ni mara elfu moja. Rangi na cheche zinabaki kama zilivyo. Huko Italia, mji mdogo wa Collecchio uliamua mwaka 2015 kwamba fataki zake ziwe za sauti ya chini, na watu bado wanatazama juu.

Mwaka jana mliondoa fataki na jukwaa kwenye Diwali ya Belgrave kwa sababu umati ulikuwa umezidi usalama. Sina ugomvi na sababu hiyo. Nimewahi kubanwa katika msongamano ule na nikaogopa. Ila angalieni kilichobaki. Onyesho la jiji ndilo lilikuwa na siku, saa na mwisho unaojulikana, likiendeshwa na mafundi wenye ujuzi. Hilo ndilo lililoondoka. Fataki za dukani, zisizo na saa, hazikuguswa. Familia iliyozoea kutoka na watoto kutazama anga sasa inanunua boksi na kulipua uani, na nyumba za mtaa wetu zimebanana ukuta kwa ukuta. Kwa mbwa, badiliko hilo ni hasara tupu.

Kuna watakaosema malalamiko kuhusu fataki ni njia ya adabu ya kuwasema Wahindi. Wapo wanaoyatumia hivyo, nimewasikia kwenye kituo cha basi, na sitaki barua hii iwekwe kapu moja na yao. Usiku wa Guy Fawkes una baruti nyingi mno na ni wa Waingereza wenyewe. Bunge liliwahi hata kuifanya tarehe 5 Novemba kuwa ibada ya lazima ya shukrani, na halikuifuta sheria hiyo mpaka 1859. Na ndani ya sherehe hizi za Wahindu, Wanepali wana siku yao ya Kukur Tihar, mbwa wanapovishwa shada la maua shingoni, wakapakwa alama nyekundu kwenye paji la uso na kulishwa vizuri, hata wale wasio na mwenyewe. Kama kuna jamii isiyohitaji kufundishwa na mimi heshima ya mbwa katika msimu huu, ni hiyo.

Ndugu zangu wa Mombasa ndio watakaonicheka. Kwetu mbwa hakai sebuleni, na atakayesoma hapa atauliza huyu Ulaya imemfanya nini. Nawakumbusha tu ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Hakuulizwa kama mbwa alikuwa wake.

Ninachoomba kwenu madiwani hakihitaji sheria mpya. Rudisheni onyesho moja la fataki la jiji kwa ajili ya Diwali na Guy Fawkes, mbali na msongamano wa Belgrave Road, lisilozidi saa moja, kwa fataki za sauti ya chini, na mtangaze tarehe na saa yake ifikapo tarehe 1 Oktoba: kwenye mahekalu, makanisa, misikiti, zahanati za wanyama na vituo vya mabasi, kwa Kigujarati na Kipunjabi pia. Mahekalu na shule zinazoandaa maonyesho yao ziombwe kuwapeni tarehe zao, nanyi mziweke zote mahali pamoja. Pitisheni azimio la RSPCA, la kutaka maonyesho yatangazwe mapema na sauti ya fataki ipunguzwe, ambalo halmashauri nyingi nchini zimekwisha kulipitisha. Wakaguzi wenu wa biashara watembelee maduka ya fataki wiki ya kwanza ya mauzo, wasingoje malalamiko. Na mkubaliane na polisi namba moja ya simu ya kupiga kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 10 Novemba, itakayojibiwa na mtu usiku.

Kwako Waziri, kazi ni kubwa zaidi na umeshaandaliwa vya kutosha. Kamati ya Maombi ya Bunge ilitoa ripoti nzima kuhusu fataki mwaka 2019. Mwaka huo huo Sainsbury's waliacha kuziuza katika maduka yao yote, wala hawakungoja serikali. Scotland ilitunga sheria yake mwaka 2022, ikazipa halmashauri uwezo wa kutenga maeneo ambamo mtu binafsi haruhusiwi kupiga fataki, na Edinburgh ikautumia mwaka 2024. Halmashauri ya Leicester haina uwezo huo. Ipe. Shusha kikomo cha sauti hadi desibeli 90. Na dirisha la mauzo lifupishwe liwe siku chache kabla ya kila sherehe, kama ilivyo tayari kwa Diwali. Guy Fawkes haina sababu ya kupewa karibu wiki nne.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 15 Oktoba, siku maduka yatakapoanza kuuza. Nahitaji tarehe na saa ili niziandike kwenye ratiba za wazee ninaowahudumia, na ili yule bibi aweze kumwambia daktari wa mbwa wake siku ya kuanza dawa.

Wenu,
Mkazi wa Belgrave, mwenyeji wa Mombasa